UZI: Kidonda cha kamba kilichonikaa miezi saba, na swali ambalo hakuna aliyeniuliza

Mzamia_Kamba (Kizingitini)

Assalam aleikum wanabaraza. Nimesoma humu miaka mingi na sijawahi kufungua uzi. Jana nilikutana na kijana wa Faza kwenye gati la Amu, mkono wake umevimba vile vile ulivyokuwa wangu, naye yuko wiki ya tano anameza amoksilini. Tulipishana haraka, kila mtu na mashua yake, wala sikumwuliza namba. Nimekesha nikimfikiria. Naandika nikitumaini yeye au nduguye atasoma.

Mie ni mzamiaji wa kamba. Kwa wasioijua kazi yetu: kamba wa huku, yule mkubwa wa miba, hujificha kwenye mapango ya matumbawe. Unazama na miwani, unampeleka pweza mbele ya tundu, kamba akimwona adui yake hutoka mbio nawe unamdaka. Ana miba kuanzia pembe hadi mkia. Hakuna mzamiaji asiye na makovu mikononi, kwa hiyo hakuna anayehesabu mikwaruzo.

Mwezi wa Januari, kaskazi imetulia na maji ni meupe, mwiba ulinichoma kwenye fundo la kidole cha shahada, mkono wa kulia. Damu kidogo. Nikanyonya, nikatema, nikazama tena. Siku ya nne jeraha lilikuwa limefunga na mie nimelisahau.

Wiki ya tatu pakaota kinundu pale pale. Ukubwa wa punje ya kunde, rangi ya zambarau, wala hakiumi. Hili la kutouma ndilo lililonipoteza, maana sisi jeraha likituuma ndipo tunaliogopa. Kikapasuka juu, kikatoa majimaji, kikafanya gamba. Gamba likidondoka kinarudi kilivyokuwa. Kufika mwezi wa tatu kikatokea cha pili juu ya kiganja, halafu cha tatu, halafu cha nne, vimejipanga kuelekea kwenye kiwiko kama punje za tasbihi. Vidole vikawa vigumu asubuhi, siwezi kukunja ngumi.

Nilipopita ni pengi. Duka la dawa, amoksilini mara mbili. Zahanati moja walipasua kinundu wakitafuta usaha, hawakupata usaha. Mahali pengine nikapewa krimu ya kupaka. Wiki ya kwanza wekundu ukatulia nikashukuru, wiki ya tatu vinundu vikawa vikubwa maradufu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile krimu ilikuwa na stiroidi, ambayo hulaza kinga ya ngozi na kumwachia mdudu wa ugonjwa uwanja. Nikapimwa sukari, sina. Wakakwangua kidonda wakapitisha kwenye mashine ya TB, hakuna kitu. Nyumbani wakasema ni kijicho, mamangu akanisomea kila magharibi. Dua sikuikataa wala sitaikataa, lakini mkono uliendelea.

Mwezi wa saba daktari mmoja kijana alinikalisha akaniuliza: unafanya kazi gani? Kabla ya kinundu cha kwanza, ulichomwa na nini? Ulikuwa kwenye maji gani? Wallahi nilitaka kulia. Miezi saba nimeonyesha mkono kwa watu sita na hakuna aliyeniuliza habari ya bahari. Akanitia ganzi, akakata kipande cha nyama, akakipeleka maabara kubwa nje ya kaunti, na juu ya karatasi akaandika kwa herufi kubwa kazi yangu na kwamba mdudu aliyemo aoteshwe kwenye joto la nyuzi 30. Wiki ya tano jibu likaja: mikobakteria marinumu.

Ni jamaa wa mbali wa mdudu wa TB, makazi yake ni majini na kwenye samaki. Sasa niko mwezi wa nne wa dawa, klarithromaisini pamoja na ethambutoli. Vinundu vitatu vimelala kabisa, cha fundo kimebaki kama kovu la mbu. Nitajibu maswali kadiri ninavyojua, na wenye elimu naomba waingie.

Bi_Mkunguni (Amu)

Pole mwanangu, na Mungu akumalizie shifaa. Umesema jamaa wa TB nikashtuka. Je, huambukiza watoto nyumbani? Mume wangu ana kinundu cha namna hiyo kwenye kiwiko na mie nimeshaanza kumtengea kikombe.

Mzamia_Kamba

Mama, mrudishie mzee kikombe chake. Hili nililiuliza la kwanza kabisa kwa sababu nina mtoto mchanga. Haipiti kwa mtu na mtu. Haipiti kwa kikohozi, kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Mdudu huingia kutoka kwenye maji au samaki kupitia jeraha, basi. Ila kinundu cha kiwiko kina sababu nyingi, usikipe jina kabla hakijapimwa. Mzee hufanya kazi gani?

Bi_Mkunguni

Anatega malema upande wa Manda, na nyumbani ndiye anayesafisha birika, lile kubwa la kuwekea maji.

Mpimaji_wa_Maabara (Mombasa)

Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na uzi huu umenigusa mahali panaponiuma, kwa hiyo mniwie radhi nitarefusha.

Mdudu huyu anapenda ubaridi. Huota vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 32, ilhali ndani ya mwili wa mtu ni 37. Ndiyo maana humkuti mapafuni, humkuta kwenye vidole, kiganja, kiwiko, goti, mguu, yaani sehemu za mwili zinazopigwa na upepo. Na ndiyo maana sampuli ikiletwa kimya kimya bila maelezo, nasi tukaiweka kwenye kabati la nyuzi 37 kama tunavyofanya kwa sampuli nyingine, tunaandika "hakuna kilichoota" na mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayosema hana kitu. Mdudu alikuwepo. Sisi tulimweka mahali pa joto asipoweza kuota. Akiwekwa kwenye nyuzi 30 hujitokeza baada ya wiki kadhaa, na sahani ya kuoteshea isitupwe kabla ya wiki 6. Akiota gizani ni mweupe wa maziwa. Ukimtoa kwenye mwanga hugeuka manjano. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo kwa macho yangu nilimwita kila mtu chumbani aje atazame.

Mambo matatu ambayo wagonjwa na hata wahudumu huchanganyikiwa nayo.

Kwanza, ile mashine ya TB inayotoa majibu kwa saa mbili imetengenezwa kutafuta kundi la wadudu wa TB yenyewe. Mikobakteria marinumu hamo kwenye kundi hilo. Jibu la "hakuna" halimwondoi huyu hata kidogo. Ndugu Mzamia, mashine haikukosea kwako, ilijibu swali jingine.

Pili, kipande cha nyama kikitazamwa kwa hadubini huonyesha mkusanyiko wa chembe za kinga unaofanana sana na wa TB, na ile rangi ya kutafutia wadudu wa TB mara nyingi haionyeshi kitu kwa sababu wadudu ni wachache. Hapo ndipo mtu huandikiwa TB ya ngozi. Hata kile kipimo cha sindano ya TB kwenye mkono kinaweza kuvimba kwa sababu ya undugu wao.

Tatu, pamba ya kufuta juu ya kidonda haitoshi. Hupata wadudu wa juu ya ngozi tu. Kinachotakiwa ni nyama, kipande kidogo kutoka ukingoni mwa kinundu, na kigawanywe: nusu kwa hadubini, nusu kwa kuotesha. Kipande chote kikitumbukizwa kwenye dawa ya kuhifadhia, hakuna kitakachoota tena. Nimepokea vipande vya namna hiyo kutoka visiwani, mtu amekatwa, ameshonwa, na kazi yote imepotea kwenye chupa.

Mdudu huyu si mgeni duniani. Aronson alimtenga mwaka wa 1926 kutoka kwa samaki wa bahari waliokufa kwenye hifadhi ya samaki ya Philadelphia. Kwa binadamu alithibitishwa mwaka wa 1951 nchini Uswidi, kwa watu waliokwaruzwa kwenye bwawa la kuogelea. Mabwawa yalipoanza kutiwa klorini ipasavyo ugonjwa ule ukapungua, na leo wanaoupata zaidi ni wavuvi, wauza samaki na wanaofuga samaki kwenye vioo nyumbani.

Kijana_wa_Mambrui

Shukrani kwa elimu. Swali langu ni la kweli, msinicheke. Ikiwa ni jamaa wa TB, na kaka yangu alimaliza dawa za TB akabakiza, kwa nini mtu wa kijijini asimeze hizo badala ya kuzunguka miezi saba?

Mpimaji_wa_Maabara

Hakuna wa kukucheka, swali lako ni zuri na wapo waliofanya hivyo. Dawa za TB za kawaida zinakwenda nne pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika hizo nne, mdudu huyu kwa kawaida hasikii isoniazidi wala pirazinamidi. Rifampisini na ethambutoli anazisikia. Kwa hiyo mtu akimeza za TB anaweza kupata nafuu, na nafuu hiyo humthibitishia kila mmoja kwamba ilikuwa TB. Lakini baada ya miezi miwili ya kwanza ethambutoli huondolewa, hubaki rifampisini na isoniazidi. Yaani amebaki na dawa moja tu inayofanya kazi, na kumpiga mdudu wa ukoo huu kwa dawa moja ya rifampisini ni kumfundisha usugu. Mabaki ya kaka yako yarudishe kliniki.

Mzamia_Kamba

Niongeze kuhusu ethambutoli. Kabla ya kuanza nilipimwa macho, nikaonyeshwa vitabu vya rangi, nyekundu na kijani. Dawa hii inaweza kugusa mshipa wa jicho. Nimeambiwa nikiona rangi zimefifia au maandishi yamekuwa na ukungu, niache siku hiyo hiyo nirudi. Kila asubuhi natazama bendera ya mashua ya jirani, nyekundu yake iko pale pale, alhamdulillah. Na daktari alisema nisiache mkono ukipona. Naendelea mwezi mmoja hadi miwili baada ya kinundu cha mwisho kulala. Jumla wengi huchukua miezi mitatu, minne, na mdudu akiwa ameshuka hadi kwenye kano au kiungo huwa zaidi, na pengine upasuaji.

Muuguzi_wa_Malindi

Nawashukuru wote wawili. Naomba niuvute uzi upande wa pili, kwa sababu nina hofu mtu atasoma "miezi saba" na "hakiumi" akadhani kila kidonda cha maji kina subira. Wapo wadudu wa maji wasiokupa hata siku mbili.

Ilikuwa masika. Mto Sabaki umejaa, maji ya kahawia yameingia baharini hadi pwani ya Malindi ikabadilika rangi. Mzee mmoja anayevua kwa mshipi karibu na mdomo wa mto alijikata mguu kwa gamba la chaza kama saa nne asubuhi. Ulikuwa mkato mdogo, hata kitambaa hakufunga. Adhuhuri mguu ukaanza kuuma, na maumivu yalikuwa makubwa kuliko jeraha lenyewe. Hili naomba mlishike: jeraha dogo, maumivu makubwa. Magharibi umevimba hadi kwenye goti, na homa yenye kutetemesha. Kituo cha kwanza alichopelekwa walimpa vidonge vya maumivu, wakamwambia arudi Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Alfajiri ya Jumapili watoto wake walimleta kwetu kwenye mkokoteni, mguu una malengelenge makubwa yenye maji ya damu, ngozi imekuwa ya buluu iliyokaribia weusi, na mzee mwenyewe anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani ndiye aliyetuambia kwamba ana ugonjwa wa ini.

Aliishi. Mguu aliupoteza chini ya goti. Maabara ilitoa jina siku ya tatu: vibrio vulnifikasi. Huyu anapenda maji ya vuguvugu yaliyochanganyika, chumvi na baridi ya mto, yaani midomo ya mito na mikokoni. Hustawi maji yakipita nyuzi 20, na bahari yetu haishuki chini ya hapo mwaka mzima. Wenye ini bovu, kisukari, figo mbovu au kinga iliyoshuka ndio anaowaua upesi. Kwa ujumla katika watu 5 wanaomwugua, mmoja hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuugua. Dawa zipo, doksisaiklini pamoja na sindano za mshipani za jamii ya seftriaksoni au seftazidimu, lakini zinatakiwa saa hiyo hiyo bila kungoja maabara, na nyama iliyokufa lazima ikatwe. Mtu wa ini asiingie mtoni na kidonda kibichi, wala asile chaza wabichi.

Yuko na mwingine, eromonasi, zaidi wa maji baridi na matope. Baada ya mafuriko tunawaona: mtu alikanyaga kitu ndani ya maji ya mto, kesho yake mguu ni mwekundu, umevimba, una joto. Ukimtazama utadhani ni uvimbe wa kawaida wa ngozi, na ndiyo maana hupewa amoksilini, ambayo mdudu huyu huishinda. Husikia siprofloksasini na nyinginezo za hospitali. Kumbe neno moja tu, "nilikuwa kwenye maji ya mafuriko", lingebadilisha dawa tangu siku ya kwanza.

Nyumbani fanyeni hivi: chukueni kalamu, mchore mstari kuzunguka ukingo wa wekundu, andikeni saa pembeni. Baada ya saa mbili tazameni. Wekundu ukiruka mstari, au kukiwa na homa, lengelenge la damu, au maumivu yasiyolingana na jeraha, tafuteni chombo usiku huo huo. Msingoje maji kujaa, msingoje Jumatatu.

Muuza_Samaki (Malindi)

Dada muuguzi, umenitoa jasho. Mimi napara samaki gatini tangu nikiwa msichana. Yangu haikuwa ya kutisha hivyo lakini nailetea ushahidi. Nilichomwa na pezi la tafi kwenye kidole cha kati. Siku ya tatu kidole kikawa chekundu cha zambarau, ukingo umeinuka kama umechorwa, kinawasha na kuungua kwa pamoja, katikati kunafifia na pembeni kunasonga mbele. Hakuna usaha. Wenzangu gatini wanakiita kidole cha samaki tu, kila mmoja amewahi. Nini kile?

Muuguzi_wa_Malindi

Dada, ulivyokieleza hivyo ni kama umekiweka mbele yangu. Kuna mdudu anaitwa erisipelothriksi, anakaa kwenye utelezi wa samaki, na kwa nguruwe pia. Hujitokeza siku ya pili hadi ya saba baada ya kuchomwa. Habari njema ni kwamba husikia penisilini ya kawaida. Mara nyingi hupoa hata chenyewe ndani ya wiki chache, lakini nawashauri kutibu kwa sababu kwa wachache huingia kwenye damu na kushika vali za moyo. Wauza samaki wakipata homa ya siku nyingi baada ya kidole cha namna hiyo, waseme.

Na si kila kidonda cha gatini ni cha ajabu. Vilivyo vingi ni wale wadudu wetu wa kila siku, stafilo na strepto, wanaotoka kwenye ngozi yetu wenyewe. Tunawataja hawa wa majini kwa sababu dawa za kila siku zinawakosa.

Nahodha_Mkongwe (Shela)

Wanangu, salamu nyingi. Mimi umri wangu umepita 70. Siku zetu mtu akitomwa na taa au hongwe, mguu hutiwa kwenye beseni la mai ya moto hata utungu ukakoma, kisha hupakwa ndimu na munyu. Zidonda zingi nimeziona zikapowa kwa ndia hiyo. Naona mwataja dawa za majina marefu na ya wazee hamuyataji.

Muuguzi_wa_Malindi

Ami Nahodha, shikamoo. Maji ya moto ni sahihi kabisa na hospitali tunafanya vivyo hivyo. Sumu ya taa, hongwe na tafi huharibika kwa joto. Maji yawe ya moto ambayo mkono mzima unaweza kuyastahimili, kama nyuzi 45 hivi, yasiunguze, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu. Wazee walijua hili kabla ya vitabu vyetu.

Ninaloomba kuongeza ni kwamba sumu na mdudu ni vitu viwili. Maji ya moto huua uchungu wa sumu usiku ule. Mdudu aliyeingizwa ndani na mwiba hubaki. Ndimu na chumvi juu ya jeraha bichi huunguza nyama nzima na hazifiki chini alipo. Baada ya beseni, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, si kwa maji ya bahari. Litazamwe kama kipande cha mwiba kimevunjikia ndani. Hospitali hupiga picha, na kikibaki jeraha halifungi. Na sindano ya pepopunda kama miaka imepita tangu ya mwisho.

Nahodha_Mkongwe (Shela)

Nimefahamu mwanangu. Mwiba wa hongwe huvundika ndani, hilo ni kweli, ndugu yangu alitembea nao mwaka mzima.

Mpimaji_wa_Maabara

Kwa heshima ya Nahodha niseme jambo moja: kwa kuwa mikobakteria marinumu huchukia joto, wapo madaktari waliowahi kulipasha joto eneo lenye kinundu kama msaada juu ya vidonge. Juu ya vidonge, si badala yake.

Mwalimu_wa_Langoni (Amu)

Nina swali ambalo nimelibeba tangu Bi Mkunguni ataje birika. Nyumba zetu za kale na misikiti yetu ina mabirika, na desturi ni kuweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Kwenye mabirika ya zamani utakuta hata bakuli la kaure limejengewa chini, ili maji yakitolewa samaki wabaki na pa kukaa. Ni akili kubwa ya mababu. Je, huyu mdudu anaweza kuwa humo? Nauliza kwa uangalifu, sitaki mtu aogope kutia udhu.

Mpimaji_wa_Maabara

Mwalimu, nitakujibu kwa kipimo kile kile cha uangalifu. Mdudu huyu huishi kwenye maji ya chumvi, ya baridi na yaliyochanganyika, na samaki wa kufugwa ni makazi yake yanayojulikana. Kwa hiyo birika lenye samaki linaweza kuwa naye. Lakini ngozi nzima ni ukuta, hapiti. Kutia udhu kwa mkono usio na jeraha hakuna hofu. Mwenye jeraha achote kwa kata amimine, jeraha alifunike.

Ninayemfikiria zaidi ni yule anayeingia ndani kusugua. Kuta za chokaa zinakwaruza viwiko na magoti, maji machafu yanamfika mapajani, na utando wa kijani anaoukwangua ndimo wadudu wanamojificha. Huyo avae glavu ndefu za mpira na viatu, na akitoka aoge kwa sabuni. Bi Mkunguni, kiwiko cha mzee sasa kina sababu mbili za kupimwa.

Bi_Mkunguni

Nimemsomea yote. Amekubali kwenda Jumatano, na kikombe chake nimekirudisha.

Muuza_Samaki (Malindi)

Na upele wa bwawa la hoteli? Binti yangu ni mfanyakazi, aliingia kwenye lile beseni kubwa la maji moto yanayobubujika, kesho yake vipele vyekundu tele sehemu zote zilizofunikwa na nguo ya kuogelea.

Muuguzi_wa_Malindi

Mdudu wa upele huo kwa kawaida ni sudomonasi, hupenda maji moto klorini ikipungua. Vipele hutoka ndani ya siku moja au mbili, hukaa kwenye vinyweleo, na kwa mtu mzima wa afya hupotea vyenyewe ndani ya wiki moja hivi. Asirudi kwenye lile beseni, aifue ile nguo, na amwambie msimamizi apime klorini.

Ndugu_wa_Faza

Assalam aleikum. Yule kijana wa gatini ni mdogo wangu. Mtu amenitumia uzi huu asubuhi, nimeusoma wote kwa sauti na yeye amekaa mbele yangu. Alichomwa na kamba mwezi wa Shaaban, mkono wa kushoto. Vinundu vitatu. Hana homa. Kesho tunakwenda hospitali lakini sisi si watu wa maneno mbele ya daktari, tunaulizwa tunaitikia tu. Tuseme nini?

Mzamia_Kamba

Wa aleikum salam ndugu yangu, Mungu ametukutanisha. Msiseme chochote kwa kichwa. Chukueni karatasi mwandike haya, na daktari akiingia mpeni mkononi:

"Mimi ni mzamiaji wa kamba. Nilichomwa na mwiba wa kamba ndani ya bahari mwezi wa (andika), kinundu cha kwanza kilitoka baada ya wiki (andika), pale pale nilipochomwa. Sasa viko vitatu vinapanda mkono. Nimemeza amoksilini wiki tano bila nafuu. Sijapaka krimu ya stiroidi (au nimepaka). Naomba ifikiriwe mikobakteria marinumu. Kikikatwa kipande, tafadhali kigawanywe, nusu iende kuoteshwa kwa nyuzi 30, wiki 6."

Aende na maganda ya dawa alizomeza. Asizame hadi jeraha lifunge. Kama mambo ya nyumbani yanamlazimu, aniambie, kuna kazi ya kushona nyavu kwangu ya mkono mmoja.

Ndugu_wa_Faza

Nimeiandika mara mbili, moja yake moja yangu. Amekumbuka kwamba kinundu kilitoka wiki ya nne. Nahodha wa chombo chetu amesema maji yatajaa kwenye mlango wa Mkanda alfajiri, tunaondoka saa kumi na moja.